Mboji Haikai Mbele ya Wageni

Mkoa wetu wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, Babati ilipata cheo kabla haijapata ofisi. Mji ulikuwa uleule na vumbi lilelile, ila sasa tulikuwa makao makuu ya mkoa, na kila wiki ubao mpya ulisimikwa mbele ya nyumba ya mtu aliyeipangisha serikali vyumba vyake. Idara moja ilikaa chumbani, nyingine sebuleni, na ukitafuta mhuri ulipita jikoni. Sikuwa na la kulalamika. Nilikuwa na duka la pembejeo pale Bagara, nikiuza mbegu, mbolea ya chumvichumvi na dawa ya kuua kila chenye miguu zaidi ya minne, na mkoa mpya uliniletea wateja wapya.

Ulileta pia wageni. Mkoa mpya una raha yake kwa watu wa miradi, maana hakuna mwenzao aliyewahi kushindwa pale kabla yao. Walikuja wa visima, wa mizinga ya nyuki, wa majiko banifu, na mwisho wakaja wa kilimo hai. Hawa hawakuja peke yao. Walikuja wakiwa wabia: shirika la ng'ambo, shirika la Dar es Salaam, chuo fulani, na idara yetu ya kilimo, ambayo mchango wake ulikuwa kuonesha njia. Walituambia kwamba wameungana kujenga sekta ya kilimo hai ya taifa zima, na kwamba taifa lingeanzia Sigino, kijijini kwetu.

Semina ya kwanza ilifanyika kwenye ukumbi wa mjini. Mwezeshaji alitueleza, kwa picha za ukutani, namna ya kulima bila kemikali. Weka samadi. Changanya mahindi na mbaazi. Nyunyiza majivu. Usichome mabua, yaache yafunike ardhi. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka akauliza kama hawa ndio walewale waliokuja zamani kutuambia tuache hayo yote. Akajibiwa kwa upole kwamba ule ulikuwa mradi mwingine. Mzee akaridhika, akaomba soda ya pili.

Kikundi kikaundwa, kwa sababu bila kikundi hakuna mradi, na mimi nikachaguliwa katibu. Sifa zangu zilikuwa mbili: nina mwandiko mzuri na nina simu. Kwamba nauza sumu halikumsumbua mtu. Asubuhi nilimfungia mteja dawa ya wadudu kwenye gazeti, jioni nilikwenda kuandika muhtasari wa kikao cha kuipinga. Nilipomwuliza bwana shamba wa mradi kama hilo ni sawa, alisema mimi ni mdau muhimu kwa sababu nawakilisha sekta binafsi.

Kwa kweli nisingekubali ukatibu ule kama si Mama.

Baba alikuwa amefariki, akaacha shamba Sigino. Shamba hilo lilikuwa nusu ya ardhi ya babu. Nusu nyingine ni ya baba mdogo, na katikati kuna ua wa minyaa uliosimama tangu sijazaliwa. Baba mdogo aliishi Maisaka, mjini, na alilima kwa simu. Alimpigia kibarua akamwambia apande, akampigia tena akamwambia avune, na katikati ya simu hizo mbili mahindi yalijitegemea. Mtu huyu ndiye aliyewaambia wazee wa ukoo, kwenye kikao nilichoruhusiwa kuhudhuria kwa kuwa mtu alitakiwa kumimina chai, kwamba shamba la marehemu kaka yake limechoka na mjane wake amechoka pia. Tajiri mmoja wa mjini mwenye trekta alikuwa tayari kulikodi. Angelima, angepiga dawa, angevuna, na Mama angekaa nyumbani apumzike kwa heshima.

Mama hakutaka kupumzika. Aliomba jambo moja tu. Kama wageni wa kilimo hai wakilikubali shamba lake liwe shamba la mfano, aachiwe. Wakilikataa, trekta liingie. Wazee walitazamana, na kwa kuwa neno wageni lina uzito kwetu, wakakubali. Baba mdogo alikubali pia, huku akitabasamu. Nilitamani kummwagia chai.

Hivyo Mama akaingia kilimo hai kama watu wanavyoingia kwenye maombi. Hakuwa mtu wa semina. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na mambo yake makubwa aliyasema kwa Kiiraqw. Lakini somo la mboji alilielewa mara moja. Alipanga mabua, akapanga samadi, majivu, majani mabichi, udongo, akamwagia maji aliyobeba mwenyewe kichwani, kisha akachomeka fimbo katikati kama alivyofundishwa. Kila nilipokwenda kumsalimu alinipeleka kwenye lundo kabla hata sijaketi. Alichomoa ile fimbo na kunishikisha nisikie joto. Likiwa na moto alifurahi siku nzima. Likipoa alilipindua kwa uma, akalifunika tena, akalisemesha. Sijui alilisemesha nini, lakini sisi watoto wake hatukuwahi kusemeshwa kwa sauti laini vile.

Kufikia kiangazi lile lundo lilifika kiunoni pangu, mbele ya nyumba, pembeni ya njia ya kuingilia. Ndani lilikuwa jeusi na linanukia kama msitu wa Kwaraa baada ya mvua. Ubao wa mradi ulikuwa umeshasimikwa barabarani, una nembo za wabia wote, na kwa ukubwa wake ungeweza kuezeka choo. Kilichobaki ni ukaguzi. Bwana shamba akanipigia simu dukani: wageni wanakuja Alhamisi, kutoka ng'ambo na Dar, wataanzia kwa Mama.

Nilimtumia Mama salamu hiyo kama nilivyoipokea. Wageni wanakuja Alhamisi.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo wabia wote wanne, na usomi wao, hawakuwa nalo kwenye picha za ukutani. Kwetu mgeni hapokelewi na uchafu. Uwanja unafagiwa, samadi inaondolewa machoni, kuta zinasiribwa upya, na mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Hiyo ilikuwa mila tangu mwanzo, na mkoa mpya uliikuza kuwa sheria, maana kila alipokuja mkubwa kutembelea, mtendaji alipita nyumba kwa nyumba kuhimiza usafi. Tulifagia kwa ajili ya mkuu huyu na mkuu yule. Tulifagia hata kwa magari yaliyopita bila kusimama.

Alhamisi nilifunga duka nikaondoka na msafara, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma na daftari la kikundi mapajani. Tulipofika Sigino nikaona uwanja unang'aa. Ulikuwa umefagiwa mpaka ukawa na mistari ya ufagio. Mawe yalikuwa meupe. Kuta zilikuwa mbichi. Akina mama wa kikundi walikuwa wamejipanga kwa vitenge, wakapiga vigelegele. Shambani hapakuwa na bua hata moja juu ya ardhi. Yote yalikuwa yamekusanywa na kuchomwa, na majivu yake yamezolewa. Pale lilipokuwa lundo palikuwa pamekaa meza yenye kitambaa, na juu ya kitambaa, maua ya plastiki.

Nililifunga daftari la kikundi.

Mkuu wa msafara, mama mmoja mtaratibu kutoka Dar, alizunguka uwanja, akatazama shamba, akarudi. Aliuliza mboji iko wapi. Mama alisimama wima, kwa fahari ambayo sijawahi kuiona usoni pake tangu msiba, akamjibu kwa Kiswahili alichokuwa amekifanyia mazoezi: "Uchafu wote tumeondoa, mama. Karibuni sana."

Wageni walitazamana. Aliyetoka ng'ambo alitafsiriwa, akatikisa kichwa taratibu, akaandika kitu. Bwana shamba alitazama viatu vyake. Akina mama wa kikundi, ambao wote walihudhuria semina, wote walikula biskuti za semina, na wote walikuwa wamebeba ile mboji kwenye ndoo tangu Jumatano asubuhi, waliendelea kutabasamu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewaza kwamba wageni wametoka mbali kote huko kuja kuangalia lundo. Wageni wakala kuku, wakapiga picha mbele ya ubao, ambao kwa bahati haukuwa umefagiwa, wakaondoka. Kabla gari halijawashwa, bwana shamba aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wameandika mkulima hajapokea teknolojia.

Nilirudi uwanjani nikiwa nimekasirika. Niliwakasirikia wageni, ambao walishindwa kuuliza swali la pili. Nilimkasirikia bwana shamba kwa kutazama viatu. Zaidi ya wote nilimkasirikia Mama, na nilimwambia.

"Mama, walikuja kuliona lile lundo."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyepotoka tabia mjini.

"Mgeni anaoneshwa mavi?" aliuliza.

Nilimweleza polepole, kwa Kiiraqw, kwamba kwa watu wale yale mavi ndiyo shamba lenyewe, na kwamba trekta sasa litaingia. Kisha akakaa kwenye kiti cha mgeni, pale palipokuwa na lundo, akavua kilemba na kukikunja juu ya magoti. Hakulia. Alisema tu kwamba angejua, angeliacha. Nilimwuliza wamelitupa wapi. Alinyoosha kidole kwenye minyaa. Walilimwaga lote upande wa pili na kulitawanya lisionekane, kwenye shamba la baba mdogo, kwa sababu ndilo shamba pekee ambalo hakuna mtu yeyote, hata mwenyewe, aliyekuwa akiliangalia.

Ukoo ukakaa tena. Safari hii hata chai sikuimimina. Niliwawekea chupa na vikombe wakajihudumia. Baba mdogo alisema yeye hana neno, wageni wameshaamua, na sisi si watu wa kupinga wageni. Kwa bahati tajiri wa trekta alikuwa ameshachukua mashamba mengi kuliko uwezo wake, akasema Sigino ataingia msimu ujao. Mama akapewa msimu mmoja wa kuaga.

Nilimpelekea gunia la mbolea kutoka dukani, bure, aage kwa heshima. Alilirudisha na mwendesha baiskeli yuleyule aliyelipeleka. Alipanda hivyohivyo, kwenye ardhi tupu aliyoifagia mwenyewe kwa ajili ya ugeni, na mahindi yake yakaota ya njano na membamba. Kila nilipomtembelea nilikuta amesimama kwenye ua, anachungulia upande wa pili kupitia upenyo wa minyaa. Nami nikachungulia.

Mahindi ya baba mdogo yalikuwa meusi kwa ukijani. Mabua yalikuwa manene kama mkono wa mtoto, na mbaazi katikati zimefungana. Kibarua alikuwa amepanda kwa simu ya kwanza kama kawaida, akaulizwa kwa simu kama mvua imenyesha, basi. Mengine mboji ilifanya yenyewe.

Mradi nao ulikuwa na shida yake. Ulihitaji shamba la mfano Sigino, kwa sababu ubao ulikuwa umeshasimama na ripoti ilikuwa imeshaliahidi taifa. Mahindi yalipofika kifuani wageni walirudi kutafuta mbadala. Nilikuwa nao, na daftari langu. Gari likapita nyumbani kwa Mama bila kupunguza mwendo, likafika mwisho wa minyaa, na yule mama kutoka Dar akasema simama. Walishuka. Bwana shamba aliingia, akafukua udongo kwa mkono, akaunusa, na uso wake ukawa wa mtu aliyeokota kazi yake aliyokuwa ameipoteza. Ilikuwa mboji, tena mboji iliyoiva. Shamba hili ni la nani?

Baba mdogo alipigiwa simu, akaja kutoka Maisaka kwa teksi, amevaa suti. Mama naye alikuwa amefika kuwasalimu wageni, maana hata waliokukataa husalimiwa. Baba mdogo aliulizwa amefanyaje. Alilitazama shamba lake kwa mshangao ambao wageni waliuchukulia kuwa unyenyekevu. Lakini yule hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe.

"Nimezingatia mafunzo," alisema.

Mafunzo hakuwahi kuhudhuria hata siku ya biskuti. Nilifungua mdomo. Mama, aliyesimama ubavuni pangu, akanishika mkono juu ya kiwiko na kunifinya, kama alivyonifinya kanisani nikiwa mdogo. Akanong'ona kwa Kiiraqw kwamba ugomvi wa nyumbani haufukuliwi mbele ya wageni. Nikafunga mdomo. Sikumwelewa na niliudhika naye upya, maana mila ile ile iliyomnyang'anya shamba sasa ilikuwa inamfunga ulimi. Baba mdogo akavalishwa fulana juu ya suti, akapewa kofia, akapigwa picha. Wakamwambia kwamba atakuwa sauti ya wakulima wa Manyara kwenye mikutano ya wabia huko Dar na Dodoma, analala hotelini. Sijawahi kumwona mtu anayependa udongo ghafla namna ile.

Kisha mkaguzi aliyekuja na wageni akasoma masharti. Hapo ndipo nilipoanza kuupenda mradi ule. Shamba la kilimo hai, alisema, haliwezi kupakana na shamba linalopigwa dawa, upepo hubeba. Jirani akipiga dawa, mwenye shamba aache ukanda mpana kando ya mpaka, na shamba lisilozingatia sharti hilo linatolewa. Bwana shamba akapima kwa macho. Lile shamba lilikuwa jembamba. Babu aligawa kwa urefu. Akamwambia baba mdogo kwa ukarimu kwamba akiacha ukanda huo atabakiwa na njia ya kupitisha ng'ombe. Lakini hakuna wasiwasi, bila shaka jirani yake hapigi dawa?

Baba mdogo aligeuka akamtazama Mama. Mama alikuwa akitazama mlima.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa Mama, nachambua choroko, baba mdogo alipobisha hodi. Alikuwa amebeba sukari na kitenge. Huyu alikuwa mtu ambaye, tangu kaka yake azikwe, alimsalimu Mama kwa kupunga mkono kutoka garini.

"Shikamoo, shemeji," alisema.

"Marahaba," Mama akajibu, akaendelea na choroko zake.

Aliketi. Alizungumzia mvua, afya, watoto, umuhimu wa udugu. Alizunguka sana kabla ya kufika minyaani. Alisema amezungumza na yule tajiri na kumweleza kwamba ardhi ya ukoo si ya kukodishwa ovyo. Alisema amewaza sana, na wazee wamewaza, na wote wameona shamba libaki kwa mwenyewe, alilime kwa njia zake, dawa isiingie kabisa.

"Nilisikia limechoka," Mama alisema.

"Halijachoka, shemeji."

"Na mimi nilisikia nimechoka."

Baba mdogo alitazama sukari yake. Nilijiuma midomo. Mama aliacha kuchambua, akapangusa mikono, akamwambia kwamba atalima, kwa sharti moja. Mboji yake ilikwenda upande wa pili, na upande wa pili una zizi la ng'ombe wengi ambao samadi yao haitumiwi na mtu. Airudishe kwa samadi hiyo, kwa toroli, yeye mwenyewe. Kibarua asitumwe, na simu isipigwe.

Akairudisha. Majirani wa Sigino walitoka nje kuangalia. Kila Jumamosi baba yangu mdogo, akiwa na fulana ya wabia na kofia ya wabia, alisukuma toroli la samadi kuzunguka ua wa minyaa, na Mama alimwelekeza pa kumwaga. Watu wa mradi walimkuta siku moja wakampiga picha. Baadaye niliiona kwenye kalenda yao, chini yake imeandikwa kwamba sekta ya kilimo hai ya taifa inajengwa kwa ushirikiano wa hiari kati ya majirani. Nimeitundika dukani, juu ya rafu ya viuatilifu.

Lundo lilipofika kiunoni tena, ikaja taarifa: wageni Alhamisi. Safari hii hawakuwa wanakuja kukagua. Walikuwa wanaleta wenzao wa mikoa mingine wajifunze. Nilimtumia Mama ujumbe kwa watu wawili tofauti kwamba asiguse lundo, na bado sikuamini. Jumatano nilifunga duka, nikachukua bodaboda mpaka Sigino.

Uwanja ulikuwa umefagiwa kwa mistari. Kuta zilikuwa mbichi. Nilikata kona ya nyumba nikiwa nimeshika kichwa.

Lundo lilikuwepo. Lilikuwa pale pale mbele ya mlango, limechongwa pande zote likanyooka, fimbo yake imesimama katikati. Kulizunguka Mama alikuwa amepanga mawe yaliyopakwa chokaa, kama yale yanayozunguka mlingoti wa bendera kwenye ofisi za serikali, na meza ya wageni alikuwa ameisogeza nyuma kabisa, karibu na banda la kuku. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga magoti na kopo la chokaa, anamalizia jiwe la mwisho.

Nilimwuliza mbona wageni amewapeleka kule nyuma.

"Si mlisema wanakuja kuliona lenyewe?" alisema, bila kuinua kichwa. "Basi mgeni rasmi ni hili. Wale wengine watakaa watakapopata nafasi."